Majivu ya Mwili: Damu Yetu Husafishwa na Nani?

Hapana jiko liwakalo bila kuacha majivu. Mama wa nyumba katika mji wa Kisangani anajua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Akitia makala jikoni asubuhi, akapika mchana, akapika tena jioni, asiyatoe majivu, kesho yake moto utakuwa dhaifu, na mwishowe utazimika, ijapokuwa gunia la makala limejaa tele. Moto huo haukufa kwa njaa. Umekufa kwa kusongwa na majivu yake wenyewe.

Mwili wa binadamu ni jiko la namna hiyo. Chakula tukilacho, kikisha kusagwa tumboni na kuingia katika damu, huchukuliwa mpaka kwenye kila chembe ya mwili, na humo huunguzwa polepole kwa msaada wa oksijeni tuivutayo kwa pua. Moto huo hauna ndimi wala moshi, lakini ndio utupao joto, na nguvu ya kutembea, kulima na kufikiri. Nao pia huacha majivu. Mtu aweza kukaa majuma kadhaa bila chakula, akaishi, mradi anakunywa maji. Lakini majivu ya mwili yakikosa njia ya kutoka, baadhi yake huua katika siku chache, na mengine katika dakika chache.

Yafaa kwanza tuondoe kosa moja. Watu wengi hudhani kwamba uchafu wa mwili ni choo kikubwa, na kwamba mtu akiharisha sana basi damu yake imesafika. Sivyo. Choo kikubwa, kwa sehemu yake iliyo kubwa, ni makapi ya chakula yaliyoshindikana kusagwa, pamoja na maji na vijidudu vya matumbo. Makapi hayo hayakuingia katika damu hata mara moja. Yamepita katikati ya mwili kama msafiri apitaye njia ya kijiji bila kuingia katika nyumba yo yote. Majivu ya kweli yamo ndani ya damu, nayo yana milango mingine. Wasomaji walishike neno hili, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye habari za dawa.

MLANGO WA KWANZA: MAPAFU

Jivu lililo jingi kuliko yote ni hewa ya ukaa. Kila chembe ya mwili huitoa, usiku na mchana, hata tulalapo. Damu huibeba mpaka kwenye mapafu, ambamo mna vifuko vidogo sana vya hewa, mamia ya mamilioni, na kila kimoja kimezungukwa na vishipa vyembamba kuliko unywele. Hapo damu hutua mzigo wake wa hewa ya ukaa na kupakia oksijeni.

Hewa tuivutayo ina hewa ya ukaa kidogo sana, sehemu 4 hivi katika kila 10,000. Hewa tuitoayo inayo sehemu 4 hivi katika kila 100. Yaani katika pumzi moja tu imeongezeka mara mia. Wanafunzi waweza kujionea wenyewe shuleni: wachukue maji ya chokaa yaliyotulia mpaka yakawa meupe kama maji ya kunywa, wapulize ndani yake kwa mrija, wakijihadhari wasiyavute kinywani. Baada ya kitambo kidogo maji yatageuka kama maziwa. Hilo ni jivu lao wenyewe, nalo limetoka katika chakula walichokula.

MLANGO WA PILI: INI

Jivu la pili ni gumu zaidi. Nyama, samaki, maharagwe, karanga na vyakula vyote vya kujenga mwili vina protini, na protini ikiunguzwa huacha amonia, ambayo ni sumu kali, hasa kwa ubongo. Kila kiumbe kilacho lazima kijue namna ya kuiondoa.

Samaki wa Mto Kongo wana kazi rahisi: amonia yao hutoka kwa njia ya matamvua, nayo maji mengi ya mto huichukua mara moja. Kuku hana mto wa kumsaidia. Yeye huigeuza kuwa kitu cheupe kama chokaa, tukionacho juu ya kinyesi chake. Sisi watu ini letu huigeuza kuwa urea, kitu kisicho kikali, kiyeyukacho vizuri majini, kiwezacho kusafiri katika damu bila kudhuru mpaka kitolewe. Njia ambayo ini hufuata katika kazi hiyo ilielezwa mwaka 1932 na wataalamu wawili wa Ujerumani, Hans Krebs na Kurt Henseleit. Mtu mzima alaye vizuri hutoa gramu 20 hadi 30 hivi za urea kwa siku.

Lakini aliye hodari kuliko wote ni samaki yule ambaye watu wa Ziwa Viktoria humwita kamongo, ambaye ndugu zake wapo pia katika bonde la Mto Kongo. Majini huishi kama samaki wengine, naye hutoa amonia. Maji yakikauka hujichimbia katika matope, akalala humo miezi mingi bila kula, akiunguza nyama ya mwili wake mwenyewe. Kama angeendelea kutengeneza amonia angejiua kwa sumu yake. Basi huigeuza kuwa urea na kuiweka mwilini, akingoja mvua. Mvua ikinyesha, huimwaga yote. Homer Smith, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa elimu ya mafigo, alimfuata samaki huyu hadi Afrika ya Mashariki ili ajifunze kwake, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita Kamongo, ambamo mtu wa sayansi na mtu wa dini wanazungumza habari zake.

Ini lina kazi nyingine tena. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huzeeka na kuvunjwa. Rangi yake hugeuka kuwa kitu cha manjano, ambacho ini hukitia katika nyongo, nayo nyongo hukimwaga matumboni. Kitu hicho ndicho kitiacho choo rangi yake. Malaria ikivunja chembe nyingi mno kwa mara moja, au ini likiwa gonjwa, manjano hiyo hurudi katika damu na kuonekana machoni. Mtoto mchanga pia aweza kuwa na manjano, kwa kuwa ini lake bado halijakomaa. Mara nyingi huondoka yenyewe, lakini ikionekana siku ile ile ya kuzaliwa, au ikifika mpaka mikono na miguu, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, apelekwe hospitali bila kuchelewa, maana yaweza kuharibu ubongo.

MLANGO WA TATU: MAFIGO

Sasa twaja kwenye mlango uliofichika, nao ndio wa ajabu zaidi. Mafigo ni mawili, nayo yamekaa mgongoni chini ya mbavu, kila moja likilingana na ngumi ya mtu, uzito wake gramu 150 hivi. Ni madogo, lakini kila dakika hupokea lita moja hivi ya damu, yaani kama sehemu ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja.

Ili tuelewe kazi ya vichujio hivyo, twende kwenye mto wenyewe. Mto Kongo, kabla ya kufika Kisangani, huporomoka mara saba kutoka Ubundu, kwa mwendo wa kilometa 100 hivi. Ndiyo Maporomoko ya Boyoma. Kwenye poromoko la mwisho, wavuvi wa kabila la Wagenia husimamisha miti mikubwa katika mashimo ya mwamba, huifunga kwa kamba za msituni, na kuning'iniza humo vikapu vikubwa vyenye umbo la pia. Maji hupita kwa nguvu zake zote. Samaki mkubwa hubaki kikapuni. Mvuvi hana haja ya kuyavuta maji. Nguvu ya mto yenyewe humfanyia kazi.

Vivyo hivyo, kila kichujio cha figo kina kifundo cha vishipa vyembamba, na damu huingia humo kwa nguvu ya moyo. Chembe za damu na protini kubwa haziwezi kupenya, zinabaki ndani kama samaki wa Mgenia. Maji na vitu vyote vidogo hupita: urea hupita, lakini sukari nayo hupita, na chumvi, na vitu vingine vingi vizuri ambavyo mwili unavihitaji.

Kwa siku moja hupita hivyo lita 180, yaani bidoni 9 za lita 20 kila moja. Kama mambo yangeishia hapo, mtu angekauka na kufa kabla ya saa moja kwisha. Lakini baada ya kila kichujio uko mrija mrefu uliopindapinda, na katika mrija huo figo huvirudisha vitu katika damu, kimoja kimoja: sukari yote, chumvi karibu yote, na maji lita 99 katika kila 100. Kinachobaki ni lita moja na nusu hivi, yenye urea na taka nyingine. Huo ndio mkojo.

Mtu aweza kuuliza: mbona figo linajisumbua hivyo? Kwa nini lisichague taka peke yake na kuitupa? Hebu tumfikirie mwanamke afanyaye usafi siku ya Jumamosi. Hazunguki ndani ya nyumba akitafuta takataka moja moja gizani. Hutoa vyombo vyote nje, kisha hurudisha vile anavyovijua kuwa ni vyake. Kile asichokijua hubaki nje. Kwa namna hiyo, figo halina haja ya kuijua kila sumu kwa jina lake. Hata sumu mpya, ambayo mababu zetu hawakuiona kamwe, itatoka ikiwa ni ndogo kiasi cha kupenya kichujioni, kwa sababu tu haimo katika vitu ambavyo figo limezoea kuvirudisha.

Lakini hekima hiyo ina hatari yake. Maji yakirudi katika damu na sumu ikibaki katika mrija, sumu hiyo huzidi kuwa kali, kama mchuzi uliosahauliwa motoni. Ile iliyokuwa dhaifu katika damu yaweza kuwa kali mara nyingi zaidi katika mrija wa figo. Kwa hiyo figo ndilo linaloungua kwanza.

JE, JASHO NALO HUSAFISHA?

Kisangani, mji ulioitwa Stanleyville hata mwaka 1966, uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katikati ya msitu. Hewa yake ni ya joto na unyevu mwaka mzima. Mtu asukumaye baiskeli yenye mizigo hulowa jasho, nalo halikauki upesi kwa sababu hewa imeshiba maji. Wengi husema: jasho limetoka, uchafu umetoka.

Kweli jasho lina chumvi na urea kidogo, lakini kazi yake hasa ni kuupoza mwili. Haliwezi kushika mahali pa figo. Tena jasho jingi huliongezea figo kazi, kwa maana maji yakipungua katika damu, figo hulazimika kuyabana, na mkojo huwa kidogo na mzito. Hata hivyo taka za siku moja huhitaji kama nusu lita ya mkojo ili zitoke. Kwa hiyo afanyaye kazi juani anywe maji safi mara kwa mara, asingoje kiu kikali. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu ni dalili njema. Ukikolea kama chai, mwili unaomba maji.

Tuwakumbuke hapa watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao nchini Kongo huitwa mara nyingi «SS». Ugonjwa huo huharibu ile sehemu ya figo inayobana maji. Ndiyo sababu watoto hao hukojoa sana, na wengi wao hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Hawafanyi hivyo kwa uvivu. Wasipigwe wala kuaibishwa, wala wasinyimwe maji jioni, maana maji yakipungua mwilini, maumivu yao ya mifupa huja upesi. Mwalimu naye amruhusu mtoto wa namna hiyo kunywa na kutoka darasani kila anapohitaji.

DAWA ZA «KUSAFISHA DAMU»

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hizi. Katika nyumba nyingi, mtu akiumwa, hasa mtoto, dawa ya kwanza ni kumsafisha: hunyweshwa maji ya majani au mizizi ili aharishe, au husukumiwa dawa hiyo kwa bomba dogo la mpira katika njia ya haja kubwa. Afanyaye hivyo ni mama au bibi ampendaye mtoto, naye amerithi desturi hiyo kwa wazee wake. Hatumdharau. Lakini upendo bila maarifa waweza kuua.

Hebu tufuate jambo hilo hatua kwa hatua. Mtoto ana homa na kuhara. Maji ya mwili wake yamepungua, mafigo yake yanabana kila tone. Hapo tunamharisha zaidi, na maji yanazidi kupotea. Uchafu wa damu haukutoka, maana tumeona kwamba mlango wake si matumbo. Ila sumu ya mzizi, kama ipo, imeingia katika damu kupitia matumbo, ikafika kwenye figo, na humo mrijani ikakolezwa. Mrija unakufa, mkojo unakatika. Sasa majivu yote ya mwili yanabaki ndani. Waganga wa hospitali katika nchi nyingi za Afrika wamewapokea wagonjwa wa namna hiyo, na mara nyingi wamewapokea wakiwa wamechelewa.

Wala mtu asidhani kwamba jambo hili ni la majani ya Afrika peke yake. Mwaka 1993 waganga wa Brussels, nchini Ubelgiji, walitangaza kwamba wanawake kadhaa waliomeza vidonge vya kupunguza unene, vyenye majani ya Kichina, wameharibika mafigo. Mmea mmoja wenye sumu, wa jamii ya Aristolochia, ulikuwa umetiwa badala ya mwingine. Hesabu ya walioumia ilifika kama mia moja, na wengi wao mafigo yao yalikufa kabisa. Vidonge vile viliitwa vya asili, navyo vilitolewa katika mji wenye hospitali kubwa. Figo haliulizi kama sumu imetoka porini au dukani. Hata vidonge vya maumivu vya kizungu, kama ibuprofeni na diklofenaki, hulidhuru figo vikimezwa siku nyingi, au vikipewa mtu aliyepungukiwa maji.

Mtoto anayeharisha ahitaji kurudishiwa maji. Apewe mchanganyiko wa pakiti ya zahanati. Kama haipo, achanganyiwe lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa bila kurundika. Anyweshwe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya.

ISHARA ZA KUTAZAMA

Figo haliumi upesi. Mara nyingi hufa kimya. Lakini huacha ishara, na kila mzazi aweza kuzisoma.

Kwanza, mtoto mgonjwa ambaye hakukojoa tangu asubuhi hata jioni. Hiyo ni hatari. Asingojewe mpaka kesho.

Pili, mkojo mweusi kama kahawa au mwekundu kama damu, hasa pamoja na homa. Waweza kuwa malaria kali iliyovunja chembe za damu.

Tatu, uso na macho kuvimba asubuhi, au miguu kuvimba. Kwa watoto, jambo hili laweza kufuata majuma machache baada ya vidonda vya ngozi au maumivu ya koo. Kwa hiyo upele na vidonda visidharauliwe. Vioshwe kwa sabuni na kutibiwa mapema.

Nne, mkojo wenye povu jingi lisilokwisha, siku baada ya siku. Huenda vichujio vimetoboka na protini inavuja.

Kwa watu wazima, adui wawili wakubwa wa figo ni shinikizo la damu na ugonjwa wa sukari. Wote wawili huja bila kubisha hodi. Aliyepita umri wa miaka 40 apimwe damu na mkojo, ijapokuwa hajisikii mgonjwa.

MASHINE NA FIGO

Mtu ataka kujua: je, figo likifa, haliwezi kufanyiwa badala yake? Mwaka 1943, wakati wa vita, mganga wa Uholanzi jina lake Willem Kolff, katika mji mdogo wa Kampen, alitengeneza figo la kwanza la mashine kwa pipa la vipande vya mbao na mirija ya ngozi bandia itumikayo kutengenezea soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa; mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akapona. Na tarehe 23 Desemba 1954, katika mji wa Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walitoa figo la mtu mzima wa afya na kumpandikiza pacha wake aliyekuwa akifa. Pacha huyo aliishi miaka minane zaidi.

Ni kazi kubwa, na imeokoa watu wengi duniani. Lakini mgonjwa wa mashine hulazwa kando yake kwa kawaida mara tatu kila juma, saa nne kila mara, kwa gharama ambayo familia chache zaweza kuibeba. Na hata hivyo mashine haifikii kazi ambayo mafigo mazima huifanya bure, bila kupumzika, tangu kabla ya kuzaliwa kwetu.

Kwa hiyo damu yetu haihitaji kusafishwa na mtu. Inao wasafishaji wake. Yatupasa kuwapa maji, kuwakinga na malaria kwa chandarua, kutowatupia sumu, na kuwapeleka upesi kwa mganga wakianza kulegea. Basi nyumbani mwako leo, mtoto akiwa na homa, kabla hujatafuta mzizi wala bomba, uliza kwanza neno moja: amekojoa saa ngapi?